Dar hadi Mwanza kwa ndege: umbali halisi na dakika zinakoishia

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ni kama kilomita 850. Basi hutembea zaidi ya 1,100, maana barabara inapitia Dodoma, Singida na Shinyanga.

Umbali huo unaweza kuupata kwa kalamu tu. Dar iko latitudo 6°53' kusini, longitudo 39°12' mashariki. Mwanza ni 2°27' na 32°56'. Ukitoa, latitudo zinapishana 4°26', yaani dakika 266 (nyuzi moja ina dakika 60), na longitudo 6°16', dakika 376. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kilomita 1.852. Huku karibu na ikweta dakika ya longitudo ni fupi kidogo mno, kwa hiyo weka 375. Kanuni ya Pithagorasi inakupa maili 460 za baharini, na ukizidisha kwa 1.852 unapata kama kilomita 850. (Usiitumie kwa Dar–London, huko mviringo wa dunia utaivuruga.) Makosa ya kawaida ni mawili: kuingiza 4°26' kwenye kikokotoo kama 4.26, na kuzidisha 460 kwa 1.609, kipimo cha maili ya barabarani. La pili linakupa kilomita 740, 110 zimeyeyuka.

Muda ndio wenye mambo. Airbus A220 ikishatulia juu huenda kama maili 450 za baharini kwa saa. Ukigawa unapata saa moja na dakika moja, lakini tiketi inaandika karibu saa moja na nusu. Tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule. Kutembea ardhini na kusubiri zamu hula dakika 10 hadi 15. Kupanda na kushuka, ambako mwendo ni mdogo, huongeza nyingine 10. Ndege ya pangaboi kama Dash 8 Q400, kwa maili 350 kwa saa, huanzia dakika 79 kabla ya nyongeza hizo.

Njia ya kurukia nayo ina sauti. Uelekeo wa kwenda Mwanza ni kama nyuzi 305, ukihesabu kutoka kaskazini kwa mzunguko wa saa, na njia ya huko ni 12/30, yaani inatazama nyuzi 120 upande mmoja na 300 upande mwingine. Ikitumika 30, rubani anaingia karibu moja kwa moja. Upepo wa kusini-mashariki ukilazimisha 12, ndege inabidi iupite uwanja, igeuke na kurudi, na dakika kadhaa zimekwenda. Dar nako, ikiruka kwa njia 05 inatazama kaskazini-mashariki, hivyo lazima ikate kushoto zaidi ya nyuzi 100 ndipo ishike safari.

Upepo wa juu watu huulaumu kupita kiasi. Ukiwa wa maili 20 kwa saa, kwa A220 tofauti kati ya kusukumwa na kupingwa haifiki dakika sita.

Dar na Mwanza saa ni moja. Kwa Kigali, iliyo nyuma kwa saa moja, safari ya magharibi huonekana fupi kwenye tiketi na ya kurudi ndefu. Ongeza au punguza saa hiyo kwanza. Na 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi, si saa saba.