Taroti haikutoka Misri

Wanaojifunza kusoma karata za taroti, zinazotumiwa kutabiri, huambiwa kwamba bila siri za makuhani wa Misri ya kale, anayefuata hisia zake anabahatisha tu. Siri hizo hazikuwapo. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, tena kama mchezo: karata 78, zikiwemo turufu 21 na moja ya Mpumbavu. Turufu hasa, kama zile tunazozijua kijiweni. Hadithi ya Misri ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka 41 kabla ya msomi Champollion kufumbua maandishi ya Wamisri wa kale. Karne iliyofuata, Éliphas Lévi, mwandishi wa mambo ya uchawi, akazifungamanisha zile turufu na Mpumbavu, jumla 22, na herufi za Kiebrania.

Siidharau mifumo hiyo. Ina uzuri wake, na huwasaidia wengi kukumbuka maana. Lakini ilibuniwa na watu, na watu hao hawakukubaliana. Karata ya Nguvu, yenye picha ya mwanamke na simba, ni ya 11 katika seti za kale za mtindo wa Marseille, ila ni ya 8 katika seti aliyoichora Pamela Colman Smith mwaka 1909. Anayemtazama yule mwanamke na simba wake, akaanza na anachokiona, hajaruka hatua yoyote ya kale.