Zana ya kidijitali ya kusaidia maamuzi: kazi yake zahanati na shambani

Zana ya kidijitali ya kusaidia maamuzi ni programu inayompa mtu ushauri kuhusu jambo lililo mbele yake, wakati ule ule anapotakiwa kuamua. Anaiingizia taarifa chache za mgonjwa huyu au shamba hili. Nayo inazipima kwa ujuzi iliopewa, uwe ni kanuni za kitabibu, hesabu za udongo na mvua, au maelfu ya picha ambazo mashine imefundishwa kwazo. Kisha inatoa pendekezo: mpe dawa hii kwa kipimo hiki, mpe rufaa sasa hivi, ahirisha kupanda, usinyunyizie bado. Mwenye kuamua anabaki kuwa mtu.

Si kila programu ya afya au kilimo ina kazi hiyo. Mfumo wa kumbukumbu kama GoTHoMIS, unaotumika katika vituo vya umma Tanzania, kazi yake kubwa ni kutunza taarifa za wagonjwa, dawa na malipo. Ujumbe mfupi unaowafikia wakulima wa mkoa mzima kwamba mvua zinakaribia ni habari njema, lakini haujui kwamba wewe una ekari moja ya mihogo kwenye udongo wa kichanga na fedha ya mfuko mmoja tu wa mbolea. Zana ya maamuzi inaanzia pale habari ya jumla inapoishia.

Wazo lenyewe si geni. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa MYCIN. Ulikuwa na kanuni zipatazo 600 za kutambua maambukizi makali ya bakteria na kuchagua dawa. Ulipopimwa dhidi ya madaktari bingwa, mapendekezo yake yalionekana kuwa mazuri kama yao au kuyazidi. Hata hivyo haukuwahi kutumika kutibu wagonjwa katika kazi za kila siku. Kuuingizia taarifa za mgonjwa mmoja kulichukua muda mrefu, kompyuta yenyewe ilikuwa mbali na kitanda, na hakuna aliyekuwa na jibu kuhusu nani angewajibika ukikosea. Akili ilikuwepo, nafasi ya kuitumia haikuwepo. Nusu karne imepita na miradi mingi bado inaangukia hapo hapo.

Tuingie zahanati tuone kazi inavyokwenda. Mama amemleta mtoto wa miezi 10 anayekohoa. Mwongozo wa IMCI, yaani wa kuwahudumia watoto wagonjwa, ulioandaliwa na WHO na UNICEF katikati ya miaka ya 1990, unamtaka mhudumu aanze na dalili za hatari: mtoto anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au amepoteza fahamu? Halafu ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 ambaye hajatimiza 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika zinahesabika kuwa ni kupumua haraka. Akishatimiza mwaka, mpaka miaka 5, kikomo kinashuka hadi 40. Majibu ya maswali haya yanampeleka kwenye rangi: waridi ni rufaa ya haraka, njano ni dawa pale pale kituoni, kijani ni kurudi nyumbani na maelekezo.

Yote haya yameandikwa vizuri kwenye kijitabu, na kijitabu mara nyingi kiko kwenye droo. Foleni ni ndefu, mhudumu yuko peke yake, na vitabu vya MTUHA, vya takwimu za kituo, vinasubiri kujazwa. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ile ya kuhesabu pumzi, kwa sababu dakika moja ya kumtazama mtoto kifuani bila kufanya kingine ni ndefu mno ukiwa na akina mama thelathini nje. Bila hesabu hiyo, kila kikohozi kinafanana na nimonia, na kila mtoto anaondoka na antibiotiki. Vijidudu navyo vinazidi kuzoea dawa.

Zana iliyobuniwa vizuri inailinda hatua hiyo moja. Kishikwambi kinafungua saa ya dakika moja, mhudumu anagusa kioo kila kifua kinapoinuka, na ukurasa unaofuata haufunguki kabla hesabu haijakamilika. Kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa imeshaingizwa, programu inachagua yenyewe kati ya 50 na 40. Uzito ukishaandikwa, kipimo cha dawa kinatoka bila mtu kupiga hesabu kichwani. Hakuna maajabu hapo. Mbuni amejua ni wapi binadamu aliyechoka hukosea, akaweka mkono wa msaada mahali hapo.

Matokeo yanaweza kuwa makubwa. Zana ya aina hii iitwayo ePOCT+ ilijaribiwa katika vituo 40 vya afya katika mikoa ya Morogoro na Mbeya, na ripoti yake ikachapishwa mwishoni mwa 2023. Katika vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida, watoto wagonjwa wapatao 70 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Palipokuwa na zana, walikuwa 23. Watoto ambao hawakupona au hali zao zilizorota kufikia siku ya saba walikuwa chini kidogo ya 4 kwa kila 100, pande zote mbili. Kwa hiyo dawa zilipungua sana bila watoto kuumia. Ila mtu asidhani vishikwambi peke yake ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Viliambatana na vipimo vya haraka vya damu, kipima oksijeni cha kidoleni, mafunzo, na usimamizi wa kuwafuatilia wahudumu kwa takwimu zao wenyewe. Anayenunua programu na kuacha hayo mengine amenunua sehemu ndogo ya kitu.

Sasa twende shambani. Mifupa ni ile ile, lakini mwili ni tofauti kabisa. AKILIMO ni zana ya wakulima wa mihogo iliyotengenezwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na washirika wake kwa ajili ya Tanzania na Nigeria. Mkulima au afisa ugani anaeleza shamba liko wapi, ukubwa wake, atapanda na kuvuna lini, mbolea zipi zinapatikana dukani na kwa bei gani, na mihogo anauza shilingi ngapi. Hali ya udongo na hewa zana inaichukua kwenye ramani kulingana na mahali shamba lilipo. Mavuno ya kawaida haimuulizi kwa tani. Inamwonyesha picha za viwango mbalimbali vya mavuno, naye anachagua inayofanana na ya kwake. Swali hilo la picha nalipenda sana, kwa kuwa linaonyesha kwamba mbuni alijiuliza mkulima anajua nini tayari. Zana inayoanza kwa kuuliza pH, yaani kiwango cha uchachu, ya udongo imeshawafukuza watu kabla ya ukurasa wa pili.

Na jibu lake linaweza kuwa: kwa bei hizi, mbolea haitakulipa, usinunue. Mimi hicho ndicho kipimo ninachokitumia kupima uaminifu wa zana yoyote ya kilimo. Kama haiwezi kamwe kumwambia mkulima aache kununua, basi inamsaidia muuzaji.

Mfano mwingine ni viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Ukiona mahindi yametobolewa, mkono unakimbilia kiuatilifu. Lakini mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na USAID, shirika la misaada la Marekani, unashauri kupita shambani na kuhesabu kwanza: kwa mahindi machanga, kunyunyizia kunafikiriwa pale mimea takriban 20 kati ya 100 inapokuwa imeshambuliwa. Kwa yaliyokua zaidi lakini hayajatoa mbelewele, ni karibu 40. Simu inaweza kumwongoza mtu apite wapi, ahesabu mimea mingapi, kisha imfanyie asilimia. Ni dakika moja ya pumzi, imehamia kwenye mahindi.

Kinachotofautisha afya na kilimo zaidi ya yote ni muda na mwenye kulipa. Zahanati, ushauri mbaya unaweza kuonekana ndani ya siku chache. Mihogo inakaa ardhini miezi tisa, kumi na miwili, au zaidi. Mkulima akigundua kuwa ushauri haukufaa, fedha imeshateketea na msimu haurudi. Tena ni fedha yake. Kwa hiyo zana ya kilimo ina wajibu wa kusema mvua zikiwa mbaya itakuwaje, badala ya kuonyesha faida ya mwaka mzuri peke yake. Na lazima ijue nani hasa anaamua. Mara nyingi anayepalilia na kujua kona gani ya shamba inatuamisha maji ni mke, ilhali simu janja ni ya mume. Programu ikimfundisha mwenye simu peke yake, ujuzi umefika nyumba sahihi kwa mtu asiyeutumia. Karatasi, redio na afisa ugani aliye na zana mkononi bado vina nafasi yao, na AKILIMO yenyewe iliandaa pia toleo la karatasi.

Kuna zana zinazotegemea picha, na hizi zinahitaji uangalifu wa pekee. Programu ya PlantVillage Nuru inatambua magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia ya mihogo kwa kamera ya simu, hata pasipo mtandao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa jani moja ilipatia kwa takriban asilimia 65, maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Yalipopigwa picha majani sita ya mmea mmoja, usahihi wa Nuru ulipanda hadi kati ya 74 na 88. Kwa hiyo kumlazimisha mtumiaji apige majani sita ni uamuzi wa ubunifu wenye thamani sawa na ubora wa mashine ndani yake. Na bado inakosea kwa mimea kadhaa, hivyo jibu litolewe kwa lugha ya uwezekano, pamoja na hatua ya pili ya kuhakikisha kabla ya mtu kung'oa shamba lake.

Vifaa navyo vina upofu wao. Kipima oksijeni cha kidoleni kinafahamika kuwa huwa kinasoma juu zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, yaani oksijeni inaonekana inatosha ilhali imeshuka. Zana inayotoa rufaa kwa kufuata namba hiyo pekee inaweza kumwacha mgonjwa ambaye ilipaswa kumkimbiza. Ndiyo maana kila kikomo kilichoandikwa ndani ya programu kinapaswa kupimwa kwa watu watakaohudumiwa nayo, hata kama kilifanya vizuri kwingine.

Mhudumu pia apewe njia ya kukataa. Programu ikisema kijani naye akiona mtoto ana hali mbaya, kuwe na kitufe cha kwenda kinyume na kisanduku cha kuandika sababu. Sababu hizo zikikusanywa ni dhahabu: zinaonyesha ama wahudumu wanahitaji mafunzo, ama kanuni ina kasoro. Na tahadhari ziwe chache. Kioo kinachopiga kelele kwa kila kitu kinamfundisha mtu kubonyeza "sawa" bila kusoma, na siku ya hatari ya kweli ataibonyeza vile vile. Taarifa za wagonjwa na wakulima zinalindwa kisheria, Kenya tangu sheria ya 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022, kwa hiyo mbuni aombe zile tu ambazo uamuzi unazihitaji.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni matunzo. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 ikahamia dawa ya SP, kisha mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Mwaka 2010 WHO ikapendekeza kupima kabla ya kutibu. Zana iliyotengenezwa mwaka 2000 ingekuwa imepitwa mara tatu ndani ya miaka kumi, na ingeendelea kushauri klorokwini kwa sauti ile ile ya uhakika. Kwa hiyo kabla mradi haujaanza, mkataba utaje ni nani atakayebadilisha kanuni siku wizara inapotoa mwongozo mpya, fungu gani litamlipa baada ya mfadhili kuondoka, na mabadiliko yatafikaje kwenye kishikwambi cha zahanati ambayo mtandao wake unapatikana kwa kupanda mlimani.