Riwaya ya Kihistoria ya Mapenzi ya Ugenini: Maana na Mipaka Yake

Riwaya ya aina hii ni kisa cha kubuni chenye wapenzi katikati yake, kinachotokea katika nchi isiyo ya mwandishi wala ya wasomaji wake wa kwanza, na katika zama zilizokwisha kupita kabla mwandishi hajashika kalamu. Sharti la zama ndilo husahaulika. Pierre Loti, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alikaa Nagasaki mwaka 1885, na mwaka 1887 akachapisha Madame Chrysanthème. Kwa kuwa Japani anayoisimulia ni ile aliyoiona kwa macho yake, kitabu hicho ni cha ugenini lakini si cha kihistoria. Na hayo mapenzi yenyewe, tukisema kweli, ni haba mno.

Aliyeipa riwaya ya kihistoria umbo lake ni Walter Scott wa Uskoti, kuanzia Waverley ya mwaka 1814. Wafalme na majemadari wanaojulikana aliwaweka pembeni, na katikati akamweka kijana wa kubuni ambaye, kwa kuwa historia haina habari zake, anaweza kupenda, kukosea na kusalimika bila kupingana na kumbukumbu zozote. Mapenzi ya kijana huyo yana kazi: ndiyo yanayompa sababu ya kuingia kambi zote mbili za ugomvi, na msomaji huingia pamoja naye.

Mwaka 1825 Scott aliipeleka mbinu hiyo Palestina, katika The Talisman, zama za Vita vya Tatu vya Msalaba, kati ya Wakristo wa Ulaya na Waislamu. Kijana aitwaye Kenneth anampenda Edith, ndugu wa Mfalme Richard wa Uingereza, naye Salahuddin, sultani wa Waislamu, anaingia kambini kwa Wazungu akijifanya tabibu na kumponya Richard homa. Baadaye watawala hao wawili wanaonyeshana panga zao. Richard anaukata mpini wa chuma wa rungu kwa pigo moja. Salahuddin anaupasua mto laini wa hariri, kisha shela nyepesi, vitu ambavyo nguvu tupu haiwezi kuvikata. Katika historia Richard na Salahuddin hawakuonana kamwe, na Scott mwenyewe hakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Hata hivyo, kisa hakikuzuka hewani, kwani Richard aliugua kweli huko vitani, na Salahuddin alimpelekea matunda na theluji. Riwaya ya namna hii huishi hasa katika nafasi hiyo iliyo kati ya jambo lililoandikwa na jambo lililowezekana.

Gustave Flaubert, mwandishi wa Ufaransa, aliiona nafasi hiyo kuwa ni deni. Akiwa anaandika Salammbô, iliyotoka mwaka 1862, alisafiri hadi Tunisia mwaka 1858 kuyaona magofu ya mji wa kale wa Carthage, na aliporudi akaanza upya. Vita anavyovisimulia, vya askari wa kukodiwa walioasi mwaka 241 kabla ya Kristo kwa kunyimwa malipo yao, vimo katika historia ya Polybius, mwandishi wa Kigiriki wa kale, na Mathô, kiongozi wa waasi, alikuwapo kweli. Salammbô, binti anayependwa na Mathô, ni wa kubuni. Mtaalamu wa mambo ya kale, Guillaume Froehner, alipoyakosoa maelezo ya kitabu hicho, Flaubert alimjibu kwa maandishi, hoja kwa hoja. Kwangu mimi, kubishana huko ni dalili njema: nchi ya watu haikuchukuliwa kama pazia la jukwaani.

Wasomaji wa Kiswahili wanaijua zaidi jirani ya aina hii, kupitia Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Hiyo ni riwaya ya safari na hatari, na nchi ya Wakukuana ni ya kubuni tangu mwanzo. Mapenzi yamo kidogo, kati ya Kapteni Good na Foulata, msichana wa huko. Lakini Foulata anauawa pangoni, na msimulizi anaona afadhali mambo yameishia hapo, maana ndoa ya wawili hao ingeleta matata. Kifo hicho kinamwondolea mwandishi kazi ya kueleza wangeishi wapi na kwa sheria za nani, maswali ambayo riwaya ya kihistoria ya mapenzi haina budi kuyakabili.