Mng'ao si ukolezi

Juzi nimeletewa tena picha ileile: seli zilizolishwa Fluo-4, rangi ya kuonyesha kalsiamu, moja kijani kikali, jirani yake hafifu, na chini maelezo kwamba "seli A ina kalsiamu mara tatu ya seli B". Sentensi hii nimeshaikata kwa kalamu nyekundu katika ripoti nyingi mno. Sasa naiandikia.

Fluo-4 haihesabu ioni. Ikishika kalsiamu inang'aa, isiposhika haing'ai sana, basi. Kinachofika kwenye kamera ni fotoni, na fotoni hazitegemei kalsiamu peke yake. Seli imemeza rangi kiasi gani? Ina unene gani pale ulipolenga? Umeiangazia kwa muda gani hadi rangi ikaanza kuchoka? Rangi hii huingia ikiwa esta ya AM, umbo linalopenya utando wa seli, kisha vimeng'enya vya ndani huikata ili inaswe humo, na kila seli hukata kwa kasi yake. Seli A yawezekana imekula rangi mara tatu ya mwenzake, kalsiamu ikiwa sawasawa.

Ndiyo maana nang'ang'ania Fura-2, rangi nyingine ya kalsiamu, iliyotoka maabara ya mkemia Roger Tsien mwaka 1985. Unaiangazia kwa mwanga wa nanomita 340, kisha 380, na mara zote mbili unapima mng'ao karibu na 510. Kalsiamu ikipanda, namba ya 340 hupanda na ya 380 hushuka. Ukigawanya moja kwa nyingine, wingi wa rangi na unene wa seli hufutana.

Lakini hata uwiano huo si ukolezi! Lazima upime uwiano wa rangi isiyo na kalsiamu kabisa na wa rangi iliyoshiba, kwa hadubini yako na taa yako. Namba za makala ya mwingine ni za taa yake.

Halafu kuna Kd, yaani ukolezi wa kalsiamu ambapo nusu ya rangi imeishika, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Ile nanomola 224 ya Fura-2 tunayoinakili wote ilipimwa kwenye mmumunyo, kwa nyuzi 37. Ndani ya seli protini huikumbatia rangi na Kd husogea. Nimeshaandika mara nyingi kwamba seli iliyotulia ina kalsiamu ya nanomola 100. Ningeulizwa kwa kiapo, ningesema kati ya 50 na 200.

Zaidi ya hayo, Fura-2 hushika zinki kwa nguvu kuliko kalsiamu. Ukiona mng'ao wa ajabu kwenye niuroni zinazokufa, mwagia kemikali ya TPEN: hunyakua zinki na kuiacha kalsiamu karibu yote. Mng'ao ukianguka, ulikuwa unatazama zinki.

Mwenye picha nimemwambia asiitupe. Airudie: seli ileile, kabla na baada ya kuongeza ATP, molekuli inayoichochea seli kupandisha kalsiamu, agawanye mng'ao wa baada kwa ule wa mwanzo. Hapo anaweza kuandika kwamba kalsiamu ilipanda. Ilipanda hadi ngapi, Fluo-4 yake haiwezi kumwambia.