Urushi ya Kale Haihitaji Polishi Wala Hewa Kavu

Wengi wanaonunua makasha na paneli za kale za Kijapani huamini kwamba ule mng'ao mweusi ni vanishi ya kawaida, kwa hiyo huviweka mahali pakavu na kuvipaka polishi ya mbao kila vinapofifia. Imani hiyo imeharibu vitu vizuri mno. Mng'ao huo ni wa urushi, yaani utomvu wa mti, na haukauki kama rangi ya dukani. Hugandishwa na kimeng'enya kilichomo ndani yake, ambacho huhitaji hewa yenye unyevu mwingi, takriban asilimia 70 hadi 85, ndiyo maana mafundi huiweka kazi yao katika kabati lenye unyevu baada ya kila tabaka.

Ukishakomaa, utando huo hustahimili maji na hata asidi, lakini mwanga huudhoofisha na kuutia nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kasha la Mazarin, lililotengenezwa Kyoto karibu na mwaka 1640 na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria na Albert jijini London, liliathiriwa namna hiyo. Polishi hupenya katika nyufa hizo, na kuiondoa ni kazi ngumu mno. Hewa kavu nayo husinyaza mbao za ndani, hata urushi ikabanduka.

Kiweke chombo mbali na dirisha, penye unyevu tulivu wa asilimia 50 hadi 60, na vumbi uliondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Palipobanduka, usiguse, mwite mhifadhi aliyesomea urushi.