Si kila "mbichi" ni "raw": jozi za maneno kwa wanaotumia Kiingereza kazini hapa Mwanza

Kwenye ubao wa mgahawa ulio jirani na ziwa, "raw fish" inamaanisha samaki anayeliwa bila kupikwa. Mwenye mgahawa alitaka kusema sangara ametoka kuvuliwa alfajiri, na hapo jozi yake, yaani maneno yaliyozoea kwenda pamoja, ni "fresh fish". Sarufi yake haina kosa. Tatizo ni kwamba Kiswahili kina "mbichi" moja inayobeba mzigo ambao Kiingereza kimewagawia watu wanne.

Kabla ya kuandika, uliza ubichi wenyewe ni upi. Ambacho hakijapikwa ni "raw": nyama, yai, hata maziwa yasiyochemshwa. Ambacho hakijaiva mtini, kama embe, ni "unripe" au "green". Kuni zenye maji bado ni "green wood". Ambacho hakijakaa ni "fresh". Nyanya ndiyo inayonasa wengi: ya kachumbari imeiva vizuri lakini bado ni "raw", na ile ya kijani iliyo shambani ni "unripe". Kwa Kiswahili zote mbili ni mbichi na hakuna anayechanganyikiwa.

Kwa hiyo anza na nomino, ndipo utafute kivumishi chake. Ukianza na kivumishi utakwama, na "kali" ndiyo ushahidi: kisu ni "sharp", pilipili ni "hot", mbwa ni "fierce", mwalimu ni "strict", upepo ni "strong", maumivu ni "severe". Mvua kubwa nayo ni "heavy rain". "Big rain" itaeleweka, ila msikilizaji atasita kidogo.

Kusita huko kuna nafuu. Ubaya ni pale jozi mbovu inapoeleweka vingine kabisa. Nahodha akimwambia mgeni anayekwenda kisiwa cha Saa Nane "the lake is dirty", mgeni anafikiria majitaka. Nahodha alitaka kusema ziwa limechafuka, yaani mawimbi: "the lake is rough". Likitulia ni "calm". Kwa mtu anayebeba abiria, jozi hizi mbili nazihesabu pamoja na maboya ya kujiokolea.

Vitenzi navyo vina mitego yake. Aliyechelewa kivuko cha Kamanga huandika "I was left by the ferry", kwa sababu kwetu mtu huachwa. Kwa Kiingereza abiria ndiye anayekikosa: "I missed the ferry". Kukiwahi ni "catch", kupanda ni "board" au "get on", kushuka ni "get off". "Climb" waachie wanaopanda majabali. Kuhusu "piga" sina mengi: simu ni "make a call", picha ni "take a photo", kura ni "cast a vote", pasi na deki zina vitenzi vyao, "iron" na "mop".

Daftari lako lipange hivi: nomino katikati ya mstari, vitenzi vyake kushoto, vivumishi kulia, chini yake sentensi moja kamili ya kazi yako mwenyewe. Nomino nne kwa siku zinatosha. Ukifika kumi utakuwa unanakili tu. Usiandike "kali = sharp". Alama hiyo ya usawa ndiyo inayozaa "sharp teacher", na huyo ni mwalimu mwenye akili nyepesi, si mwenye fimbo.

Ukitaka kuhakiki jozi, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu, lakini usiamini idadi ya matokeo; soma sentensi tano au sita uone nani kaandika na anazungumzia nini. British National Corpus, hazina ya maandishi na mazungumzo halisi ya Kiingereza cha Uingereza, ina maneno milioni 100 na inafaa zaidi kwa kazi hii, ila ilikusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jozi za simu janja na za malipo ya mtandaoni usizitafute humo.