Nyota zikigongana kwenye chati ya Bazi: yanayosemwa na yalivyo

Ukifungua chati yako ya Bazi, utabiri wa Kichina unaotokana na wakati wa kuzaliwa, kwenye programu ya simu, utakuta majina yamejipanga: Ua la Mpichi, Farasi wa Safari, Mheshimiwa wa Mbinguni, Muuaji wa Saba. Moja linaahidi heri, la pili linatisha, na yote ni yako. Hapo ndipo watu hupotea, na ndipo wauza hirizi hupata wateja.

Dhana potofu: unahesabu nyota njema na mbaya, nyingi ndizo zinazoshinda.

Bazi haisomwi hivyo. Msingi wake ni herufi nane kwenye nguzo nne, yaani mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, na kila nguzo ina shina la mbingu juu na tawi la dunia chini. Shina hutaja mojawapo ya asili tano (mti, moto, udongo, chuma au maji), na tawi huitwa kwa jina la mmoja wa wanyama 12, kama Panya au Farasi. Tangu mbinu ya Xu Ziping, mtabiri wa Kichina, ishike enzi za nasaba ya Song, shina la siku ndilo linalosimama badala ya mtu mwenyewe. Mengine yote hupewa jina kwa kuangalia yanamfanyia nini.

Chukua mtu ambaye shina lake la siku ni Jia, mti wa yang (upande wa nguvu, kinyume cha yin). Geng, chuma cha yang, huukata mti huo, na ndicho kinachoitwa Muuaji wa Saba. Jina hilo limewanyima wengi usingizi bure. Pakiwa na Bing, moto wa yang, chuma kinadhibitiwa, na wasomaji wa jadi huiona chati hiyo kuwa ya mtu wa madaraka. Pakiwa na maji badala ya moto, chuma huzaa maji, maji hulisha mti, na adui anageuka mlezi. Shida inaanza moto na maji vinapokutana chati moja, kwa sababu maji huzima moto uliokuwa ukimshika muuaji mkono. Huo ndio mgongano wa kweli, na kuhesabu hakuusuluhishi. Msomaji makini huanza na mwezi wa kuzaliwa, kwani moto wa kiangazi si sawa na moto wa majira ya baridi. Kisha hutazama kipi kina mizizi kwenye matawi, na kipi kimekaa jirani na kipi.

Nyota za pembeni huja baada ya hayo yote. Ua la Mpichi, linalohusishwa na mvuto wa mapenzi, kwa aliyezaliwa mwaka wa Nyani, Panya au Joka ni Jogoo kwenye nguzo nyingine. Kwa hesabu nyepesi, karibu mtu mmoja kati ya wanne analo, hata kabla ya kulihesabu tena kwa tawi la siku. Kumwambia mume kwamba mkewe atatoka nje ya ndoa kwa sababu ya Ua la Mpichi ni uchonganishi, tena hata vitabu vya fani yenyewe havimuungi mkono msemaji.

Dhana potofu: mwaka ukigongana na tawi lako, umekwisha.

Panya na Farasi hugongana, na mwaka 2026 ni wa Farasi. Mwenye Panya kwenye nguzo ya siku ataambiwa aiangalie ndoa yake, kwa kuwa tawi la siku husomwa kama mahali pa mwenzi wa ndoa. Lakini akiwa na Ng'ombe jirani na Panya huyo, wawili hao hufungamana, na wasomaji wengi husema mgongano umepoa. Sasa ongeza kipindi cha bahati, yaani miaka 10 ya maisha inayopewa shina na tawi lake. Kikiwa cha Mbuzi, Mbuzi humgonga Ng'ombe, fungamano linalegea na Panya anabaki peke yake. Mwaka uleule, chati ileile, lakini kipindi kimebadili usomaji. Hata hapo, mgongano husomwa kwanza kama mwendo, yaani kuhama nyumba, kubadili kazi au kusafiri.

Dhana potofu: vipindi vya bahati huanza umri mmoja kwa wote.

Tuseme mapacha, wa kiume na wa kike, wamezaliwa mchana wa tarehe 15 Februari 1984, saa ileile. Herufi zao nane zinafanana kabisa. Kwa kuwa mwaka huo ni wa yang, wa kiume huhesabiwa siku kwenda mbele hadi mwanzo wa mwezi wa jua unaofuata, tarehe 5 Machi. Siku tatu ni mwaka mmoja, hivyo kipindi chake cha kwanza, cha Sungura, huanza akiwa na miaka 6 na miezi michache. Dada yake huhesabiwa kurudi nyuma hadi tarehe 4 Februari. Chake huanza akiwa na miaka 3 na nusu hivi, tena ni cha Ng'ombe. Hapo hapo kuna kosa jingine la kawaida: aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1984 alikuwa tayari ndani ya mwaka mpya wa Kichina wa Panya, ila kwa Bazi bado ni Nguruwe, kwa sababu mwaka wa Bazi ulianza tarehe 4 Februari.

Dhana potofu: hesabu ni sahihi, basi utabiri nao ni sahihi.

Kalenda ni sahihi kweli, kwa sababu miezi yake hufuata mahali pa jua. Lakini hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba Panya na Farasi wana lolote la kufanya na ndoa ya mtu. Chati zinazowezekana ni 518,400 tu, kwa hiyo kila moja ina wastani wa watu zaidi ya 15,000 duniani leo.

Madhara ya imani, hata hivyo, yanapimika. Japani wapo walioamini kwamba msichana wa mwaka wa Farasi wa Moto humletea mumewe balaa, wakihukumu kwa nguzo moja tu ya mwaka. Mwaka wa namna hiyo ulipofika, 1966, watoto waliozaliwa walishuka kutoka takriban 1,820,000 hadi 1,360,000. Mwaka 1967 wakapanda kupita 1,900,000. Mwaka 2026 nao ni wa Farasi wa Moto.